Uchovu wa Zamu za Usiku: Mwongozo kwa Wauguzi na Wasimamizi wa Wodi

Fundi aliyechoka akikosea kipimo, ubao hukatwa upya. Muuguzi aliyechoka akikosea kipimo, dawa imekwisha kuingia katika mshipa wa mgonjwa. Kwa hiyo, katika taaluma ya uuguzi uchovu unastahili kuhesabiwa miongoni mwa hatari za kazini, sawa na sindano iliyotumika au damu iliyomwagika, na kushughulikiwa kwa utaratibu uleule wa kutambua hatari, kutafuta chanzo chake, kugawa wajibu na kuweka kumbukumbu.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuuchukulia uchovu kama udhaifu wa tabia. Anayesinzia huambiwa ajikaze. Kujikaza kuna mahali pake, lakini hakurudishi usingizi uliopotea, hakuongezi damu mwilini, wala hakumleti muuguzi wa pili katika wodi yenye wagonjwa arobaini. Uchovu una vyanzo vinavyojulikana, na kila chanzo kina mwenye dhamana nacho. Kimoja kimo mikononi mwa muuguzi mwenyewe, kingine kwa anayepanga ratiba, kingine kwa mwajiri, kingine kwa tabibu. Uchovu wa ratiba mbaya hautibiki kwa vidonge vya vitamini, na uchovu wa upungufu wa damu hautibiki kwa kikombe cha nne cha kahawa. Mwongozo huu unahusu namna ya kukipata chanzo sahihi na mwenye dhamana sahihi. Mifano yake ni ya wodini na sheria inayotajwa ni ya Tanzania Bara, ingawa mlinzi wa lindo la usiku na dereva wa masafa marefu wataona mengi yanayowahusu.

Mwili usiku wa manane

Ubongo wa binadamu una saa yake, nayo hurekebishwa kila siku na mwanga wa jua. Giza linapoingia, homoni iitwayo melatonini huongezeka, joto la mwili huanza kushuka na wepesi wa kufikiri hupungua. Hali hiyo hufikia chini kabisa takriban kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Wakati huohuo, kila saa ambayo mtu yuko macho huongeza deni la usingizi: kemikali ya adenosini hujikusanya katika ubongo, na kinachoimaliza ni kulala tu. Muuguzi wa zamu ya usiku hukutana na mambo haya mawili kwa pamoja, deni likiwa kubwa na saa ya mwili ikiwa imeshuka, na hapo ndipo makosa hutokea.

Ukubwa wa upungufu huo umewahi kupimwa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hutenda kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na aliyefikisha saa 24 hutenda kama mwenye asilimia 0.10. Hesabu yake wodini ni rahisi. Muuguzi aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi kuwaandaa watoto kwenda shule, akashughulika kutwa bila kulala, kisha akaingia zamu saa mbili usiku, hutimiza saa 17 ifikapo saa tano usiku. Zamu ingali changa. Kunapopambazuka amefikisha saa 24. Hakuna hospitali inayomruhusu mtumishi aliyelewa kushika sindano.

Lililo baya zaidi ni kwamba uchovu huharibu pia kipimo cha kujipima. Aliyechoka sana hujiona yuko sawa. Hupitiwa na usingizi kwa sekunde tatu au nne macho yakiwa wazi, asijue kwamba amepitiwa.

Mfano mmoja wa dawa utaonyesha hatari ilivyo. Mtoto mchanga wa kilo 3 ameandikiwa jentamaisini miligramu 15. Kichupa kilichopo kina miligramu 80 katika mililita 2, yaani miligramu 40 kwa kila mililita. Dozi sahihi ni mililita 0.375. Nukta ikisogea nafasi moja, hesabu inakuwa mililita 3.75, mara kumi ya dozi. Kuna kinga ya asili katika kosa hilo: ili kuvuta mililita 3.75 ni lazima kufungua kichupa cha pili, na kufungua vichupa viwili kwa mtoto mchanga ni jambo la kumshtua muuguzi yeyote mwenye uzoefu. Mchana atashtuka. Saa kumi alfajiri, akiwa amekwisha kutundika dripu kadhaa na kuitwa mara mbili wodi ya jirani, mkono unaweza kufungua kichupa cha pili bila akili kuuliza swali. Hapo ujuzi upo wote. Kilichopotea ni mshtuko.

Nchi nyingine zilijifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja jijini New York saa chache baada ya kulazwa, akiwa chini ya uangalizi wa madaktari wa mafunzo waliokuwa wakifanya kazi kwa saa nyingi mno. Mjadala uliofuata uliifanya serikali ya jimbo, mwaka 1989, kuweka ukomo wa saa 80 kwa wiki kwa madaktari hao, na saa 24 mfululizo. Mwaka 2004 utafiti uliochapishwa katika New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa madaktari wa mafunzo waliokuwa katika zamu ndefu za jadi katika vitengo vya wagonjwa mahututi walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi kuliko walipopunguziwa saa. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa Marekani, safari hii kwa wauguzi, ulionyesha kuwa uwezekano wa kukosea hupanda karibu mara tatu zamu inapofikia saa 12 na nusu au zaidi. Saa 80 kwa wiki bado ni nyingi mno. Hata hivyo hatua ile ya New York ilithibitisha kwamba saa za kazi ni sehemu ya tiba.

Ratiba na sheria

Chanzo kikubwa cha uchovu wodini ni karatasi iliyobandikwa ukutani. Anayeipanga ana nafasi kubwa ya kuzuia makosa kuliko mtu mwingine yeyote katika wodi, na kabla ya kushika kalamu anapaswa kujua sheria inasemaje.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na siku 6 kwa wiki. Jumla ya saa za siku moja, pamoja na za ziada, haipaswi kuzidi 12. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kila wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Usiku, kwa maana ya sheria hiyo, ni muda wa baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena siku inayofuata anastahili saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24 mfululizo. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na wauguzi wa huko wanapaswa kuisoma hiyo.

Takwa la saa 12 kati ya zamu na zamu ndilo linalovunjwa mara nyingi zaidi, na kwa kawaida huvunjwa bila nia mbaya. Muuguzi anatoka zamu ya jioni saa mbili usiku na ameandikwa zamu ya asubuhi inayoanza saa moja na nusu. Kwenye karatasi pengo ni saa 11 na nusu, nusu saa tu pungufu ya sheria. Lakini makabidhiano yanamalizika saa mbili na nusu. Daladala na foleni zinamfikisha nyumbani saa nne. Anakula, anaoga, anatazama madaftari ya watoto, analala saa tano. Saa kumi na nusu alfajiri anaamka ili awahi usafiri. Amelala saa 5 na nusu, naye anarudi wodini akiwa na deni kabla hajamgusa mgonjwa wa kwanza. Mpangaji wa ratiba anayeliona pengo hilo na kuliondoa amefanya kazi ya kuokoa maisha, hata kama hakuna atakayemshukuru.

Mzunguko wa zamu nao una mwelekeo wake. Ni rahisi kwa mwili kusogeza usingizi mbele kuliko kuurudisha nyuma, kwa hiyo mzunguko uende kutoka asubuhi kwenda jioni, kisha usiku, kisha mapumziko. Mzunguko wa kurudi nyuma huchosha hata kama jumla ya saa ni ileile. Zamu za usiku mfululizo zisizidi tatu au nne panapowezekana. Saa ya mwili haibadiliki ndani ya siku chache, na deni la usingizi huongezeka kila usiku, hivyo muuguzi wa usiku wa sita hafanani na yule wa usiku wa kwanza, ingawa jina na sare ni zilezile.

Kuna desturi moja inayopaswa kukomeshwa waziwazi: kuihesabu siku ya kutoka zamu ya usiku kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Aliyetoka wodini saa mbili asubuhi siku ya Jumatatu, akalala mchana, kisha akatakiwa kurudi Jumanne asubuhi, amepumzika kutoka zamu ya usiku tu. Hiyo ni siku ya kulipa usingizi. Siku ya mapumziko huanza baada yake.

Hoja inayotolewa dhidi ya yote haya ni upungufu wa watumishi. Hoja hiyo ni ya kweli, na hakuna ratiba itakayoiondoa. Lakini ratiba nzuri hugawa upungufu kwa haki, na mbaya humtwika mmoja. Aidha, kuna kazi nyingi za usiku zinazofanywa kwa mazoea tu. Wodi nyingi huwaamsha wagonjwa saa kumi alfajiri kuwaogesha na kutandika vitanda ili zamu ya asubuhi ikute pamependeza. Mgonjwa anakosa usingizi anaouhitaji, na muuguzi anatumia saa yake ya hatari zaidi kwa kazi inayoweza kusubiri jua. Kazi za aina hiyo zisogezwe. Dawa ambazo muda wake hausogei ziendelee kutolewa, lakini kila hesabu ya dozi ya mtoto, ya insulini na ya dawa nyingine zenye hatari kubwa ifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha majibu yalinganishwe kwa sauti. Kumwonyesha mwenzako jibu na kumuuliza kama ni sawa si uhakiki, kwa sababu atasema ni sawa.

Dakika 60 za mapumziko zinahitaji mtu wa kushika wodi. Muuguzi aliye peke yake hawezi kuzichukua, hata sheria ikimpa. Msimamizi wa zamu apange mapema ni nani wa wodi ya jirani atakayekuja na saa ngapi, na jambo hilo liandikwe kwenye kitabu cha ripoti. Kulala usingizi mfupi wa dakika 20 ndani ya mapumziko hayo hurudisha umakini kwa kiasi kikubwa. Akilala dakika 40 au 50 huenda akaamka na lepe zito la usingizi, na robo saa ya kwanza baada ya hapo asipewe kazi ya kuhesabu dawa. Kulala kwa ruhusa, mahali palipopangwa, na wodi ikiwa mikononi mwa mwingine, ni utaratibu wa usalama. Kulala kwa kuiba ni kuitelekeza wodi. Msimamizi anayekataza la kwanza hujikuta akipata la pili.

Nyumbani, mchana

Wajibu wa muuguzi mwenyewe huanza anapotoka getini. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi katika kila saa 24, na usingizi wa mchana ni mfupi na mwepesi kwa sababu saa ya mwili inataka kuamka. Mazingira nayo hayamsaidii. Katika nyumba za bati za Pwani, chumba ni tanuri ifikapo saa sita mchana, na mtaa hauna habari kwamba kuna aliyekesha.

Njia inayofaa wengi ni kuugawa usingizi. Sehemu kubwa hulaliwa mara moja baada ya kufika nyumbani, kabla joto halijapanda, na sehemu ndogo ya saa moja na nusu hivi hulaliwa alasiri kabla ya kwenda zamu. Dirisha lizibwe kwa kitambaa kizito au kanga mbili zilizokunjwa, simu izimwe au iachwe kwa mtu mwingine, na chandarua kishushwe hata mchana. Siku ya kuanza zamu za usiku, kulala kidogo alasiri kabla ya kwenda kazini ni muhimu kuliko siku nyingine yoyote, kwa kuwa ndiyo siku ambayo mtu huingia kazini akiwa amekwisha kukaa macho kutwa nzima.

Lakini maelekezo hayo yanamfaa tu aliye na nafasi ya kulala. Wengi wa wauguzi ni wanawake, na wengi wao wakitoka zamu huanza zamu ya pili isiyolipwa: kufua, kupika, kumhudumia mzee, kumpeleka mtoto kliniki. Jamaa huona yuko nyumbani, kwa hiyo ana nafasi. Hakuna mbinu ya usingizi itakayoshinda hali hiyo bila mazungumzo na watu wa nyumbani. Ratiba ya zamu inapaswa kubandikwa jikoni kama ilivyobandikwa wodini, na saa za kulala za anayekesha zikubaliwe na mume, watoto wakubwa na dada wa kazi kuwa ni saa za kazi. Mwanamume anayeshika jiko asubuhi ya siku ambayo mkewe ametoka zamu anachangia usalama wa wagonjwa asiowajua.

Kazi ya pembeni ni suala gumu zaidi. Mshahara hautoshi, ada zinadai, na zahanati binafsi ya jirani inahitaji mtu wa saa chache. Mwongozo huu hauwezi kumhukumu anayetafuta riziki halali. Lakini saa hizo chache hutolewa katika usingizi, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kuzitoa. Anayefanya kazi mahali pawili ajumlishe saa zote za wiki kwa kalamu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40, huongeza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Jumla ikipita 55, kinacholiwa ni mtaji wa mwili.

Chai, kahawa na chakula cha usiku

Kafeini huziba milango ambayo adenosini hupitia kuuambia ubongo kwamba umechoka. Deni la usingizi linabaki palepale. Kafeini inafaa katika nusu ya kwanza ya zamu na kwa kiasi kidogo kidogo. Nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa 5 hadi 6, kwa hiyo kahawa ya saa kumi alfajiri humfuata muuguzi hadi kitandani saa tatu asubuhi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini hiyohiyo pamoja na sukari nyingi. Mirungi na vidonge vya kuzuia usingizi visitumike kabisa.

Mlo mkuu uliwe kabla ya kuingia zamu. Ugali mkubwa wa saa saba usiku huleta kiungulia na usingizi, kwani tumbo nalo hufuata saa ya mwili. Kitu chepesi, matunda, karanga au uji, kinatosha. Maji yanywewe usiku kucha, kwa kuwa wauguzi wengi hujinyima maji ili wasiende msalani wodi ikiwa haina mtu.

Uchovu wenye ugonjwa ndani yake

Uchovu wa kazi hupungua baada ya mapumziko. Siku mbili tatu za kulala vizuri zikipita na mtu bado anaamka amechoka, au hali ikidumu zaidi ya wiki mbili, ratiba si jibu pekee tena. Hapa wauguzi wana tatizo lao mahsusi: wanajua dawa, na wanapata dawa, kwa hiyo hujitibu. Humuuliza daktari koridoni, hununua vidonge vya madini ya chuma, hutumia dozi ya malaria bila kipimo, na miezi inapita. Utaratibu sahihi ni kufungua faili kama mgonjwa mwingine yeyote, kuketi kitini, kueleza na kupimwa.

Kipimo cha kwanza ni wingi wa damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni upungufu wa damu himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, 11 kwa mjamzito (10.5 katika miezi mitatu ya kati ya ujauzito), na 13 kwa mwanamume. Mwenye upungufu huo huhema akipanda ngazi, moyo humwenda mbio, na huona kizunguzungu akiinuka. Jibu likionyesha upungufu, kazi ndiyo inaanza. Damu imepotelea wapi? Hedhi nzito, mara nyingi kutokana na uvimbe katika kizazi, ni sababu ya kawaida mno kwa wanawake na huvumiliwa kwa miaka kwa kudhaniwa kuwa ni maumbile. Minyoo ya safura hung'ang'ania utumbo na kunyonya damu polepole. Vidonda vya tumbo huvuja bila maumivu makali, hasa kwa wanaomeza dawa za maumivu kila siku kwa ajili ya mgongo. Kumeza madini ya chuma bila kutafuta sababu ni kujaza ndoo inayovuja. Chai nayo izingatiwe: ikinywewa pamoja na mlo huzuia madini ya chuma ya mboga na maharage kufyonzwa, kwa hiyo inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Mchicha na maharage vikiliwa pamoja na chungwa au nyanya hufyonzwa vizuri zaidi, na dagaa au maini ni bora kuliko vyote viwili.

Baada ya damu hupimwa sukari, hasa kama kuna kiu na kukojoa mara kwa mara, tezi ya shingo, kama kuna kuhisi baridi na kuongezeka uzito bila sababu, malaria, kwa kipimo na si kwa kubahatisha, ujauzito, na maambukizi ya VVU. Kifua kikuu kipewe uzito wa pekee kwa watumishi wa afya, ambao hukutana nacho kila siku. Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, kutoka jasho usiku na kupungua uzito visisubiri likizo. Anayekoroma kwa nguvu na kuambiwa na mwenzake kwamba hukatika pumzi usingizini anaweza kulala saa 8 na kuamka kama hakulala. Zitazamwe pia dawa zinazomezwa: klofeniramini ya mafua na amitriptilini ya maumivu huleta usingizi unaoingia hadi zamu inayofuata.

Uchovu wa moyo unahitaji jicho la namna yake. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautaja uchovu mkubwa wa kikazi kuwa ni hali inayotokana na kazi, wala si ugonjwa. Alama zake ni kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba juhudi hazizai kitu. Muuguzi mpole aliyeanza kuwafokea ndugu za wagonjwa anaweza kuwa amefika hapo. Sonona ni jambo jingine. Hiyo humfuata mtu hata akiwa likizoni, humwondolea raha ya kila kitu, na wakati mwingine humletea mawazo ya kujidhuru. Ni ugonjwa, una tiba, na mwenye mawazo hayo aonwe na tabibu siku hiyohiyo.

Kwa sheria ileile ya ajira, aliyethibitishwa na daktari kwamba hafai kwa kazi ya usiku ana haki ya kutopangiwa zamu hizo, na mwajiri anatakiwa kumhamishia zamu nyingine isipokuwa pale ambapo jambo hilo haliwezekani kiutendaji. Mjamzito hapangiwi usiku katika miezi 2 ya mwisho kabla ya tarehe ya makadirio, wala mama katika miezi 2 baada ya kujifungua, isipokuwa mama mwenyewe akiomba na kuleta cheti cha daktari. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara.

Kusema, na kuandika

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mfanyakazi kuchukua tahadhari kwa ajili yake na kwa wengine, na kutoa taarifa ya hali ya hatari. Maadili ya taaluma yanasema hivyohivyo. Anayeona kuwa hawezi kuendelea salama ana wajibu wa kusema, na asiiache wodi kabla ya kukabidhi. Taarifa yake iwe fupi na ya mambo halisi, kwa mfano: "Niko usiku wa sita mfululizo, jana nimelala saa tatu tu. Naomba dozi zote za watoto leo zihakikiwe na mwenzangu." Msimamizi anayepokea maneno hayo hapaswi kujibu kwamba wote wamechoka. Ana njia tatu: kuongeza mtu, kupunguza kazi, au kuongeza uhakiki. Mojawapo inapatikana karibu kila usiku.

Ratiba inayovunja sheria ipelekwe kwanza kwa muuguzi mfawidhi kwa maandishi, kisha kwa uongozi wa hospitali na tawi la chama cha wafanyakazi. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufikishwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Watumishi wa umma hutakiwa kuanza na ngazi za rufaa za utumishi wa umma. Wanaowasilisha madai wakiwa na nakala za ratiba na kumbukumbu za saa za kuingia na kutoka husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko wanaotegemea kumbukumbu ya kichwa.

Kosa likitokea, mgonjwa ahudumiwe kwanza na daktari ajulishwe bila kuchelewa. Kisha taarifa ya tukio iandikwe kabla zamu haijaisha, na mbali na jina la dawa na dozi iwe na mambo manne: saa ya tukio, muda ambao mhusika alikuwa macho, idadi ya zamu za usiku alizofululiza, na idadi ya wagonjwa na wauguzi waliokuwepo. Fomu ikiwa haina nafasi ya maelezo hayo, yaandikwe katika karatasi ya ziada, yatiwe saini na tarehe, yaambatishwe, na nakala moja ibaki kwa aliyeyaandika.